Unene wa misuli ya moyo: jinsi ya kuutambua na kuishi nao

Tarehe 26 Juni 2003, timu ya taifa ya Kameruni ilikuwa ikicheza na Kolombia mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Katika dakika ya 72, kiungo Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja. Hakuna mchezaji aliyekuwa amemgusa. Madaktari walijitahidi kumwokoa lakini alifariki dunia siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 28, mwenye nguvu, na alikuwa amecheza mpira wa kulipwa kwa miaka mingi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya misuli ya moyo iwe minene kuliko kawaida.

Foé alianguka mbele ya kamera, na chanzo cha kifo chake kilitafutwa. Vijana wengine huanguka shambani, kisimani au kwenye uwanja wa shule, na hakuna anayechunguza. Siku ya mazishi watu hunong'onezana. Wengine husema amelogwa, wengine humshuku mama wa kambo au jirani. Wakati huo huo, mdogo wake marehemu anaweza kuwa amesimama pale pale makaburini akiwa na ugonjwa ule ule, na angeweza kusaidiwa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa jamii, walimu, viongozi wa dini na familia. Hayachukui nafasi ya daktari. Lengo lake ni kukusaidia kujua ni nani anayepaswa kupelekwa kwa daktari, na jinsi ya kumsaidia anaporudi nyumbani.

Ugonjwa huu ni nini?

Moyo ni pampu iliyotengenezwa kwa misuli. Una vyumba viwili vya juu na viwili vya chini. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho chenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu husukuma damu kwenda mwili mzima. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta wa chumba hicho kwa kawaida hauzidi unene wa milimita 12.

Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, ukuta huwa mnene bila sababu ya nje. Mara nyingi sehemu inayonenepa zaidi ni ukuta wa kati, unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Kwenye karatasi za hospitali madaktari huandika herufi HCM, na nasi tutatumia herufi hizo.

Mtu anaweza kufikiri kwamba moyo mnene ni moyo wenye nguvu zaidi. Sivyo. Unene huu huleta matatizo manne:

• Ukuta huwa mgumu. Moyo hushindwa kulegea vizuri ili ujae damu, na damu hurudi nyuma kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa hukosa pumzi.

• Njia ya kutokea damu inaweza kuwa nyembamba. Ukuta wa kati hujitokeza mbele ya njia hiyo, na vali iliyo karibu huvutwa na kuibana zaidi. Mgonjwa anapokimbia, mwili huhitaji damu nyingi lakini njia imebanwa, naye huona kizunguzungu au huzimia.

• Misuli minene huhitaji oksijeni nyingi kuliko inayopata. Hapo mgonjwa huumwa kifua, hata akiwa kijana.

• Nyuzi za misuli zimepangika ovyo, na baadhi zimegeuka kuwa kovu. Umeme unaoongoza mapigo ya moyo hupotea njia. Mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, na hili ndilo linaloweza kumwua mtu aliyekuwa akionekana mzima.

Ugonjwa huu si mpya. Mwaka 1958 Donald Teare, daktari wa uchunguzi wa maiti mjini London, alieleza mioyo ya aina hii aliyoiona kwa vijana. Mwaka 1990 watafiti walitambua kwa mara ya kwanza kosa la kijeni linalouleta.

HCM si ugonjwa adimu kama watu wengi wanavyodhani. Uchunguzi uliofanywa kwa vijana nchini Marekani na kutolewa mwaka 1995 ulikuta mtu 1 kati ya 500 akiwa na moyo wa namna hii. Ugonjwa umeonekana kwa watu wa rangi zote, wanaume na wanawake. Wengi wao hawajui kwamba wanao.

Unarithiwa vipi?

Kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mzazi mmoja akiwa na kinasaba chenye kosa, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kukirithi. Kila mimba ni kama kurusha sarafu upya. Katika familia moja watoto wote wanne wanaweza kupona, na katika nyingine watatu kati ya wanne wakaupata.

Kuna mambo matatu ambayo familia zinapaswa kuyaelewa:

1. Ugonjwa unaweza kutoka kwa baba au kwa mama. Si haki kumlaumu mke kwamba "ameleta ugonjwa kwenye ukoo". Hakuna mzazi anayechagua kinasaba cha kumpa mwanawe.

2. Mtu anaweza kuwa na kinasaba hicho na asiugue kabisa, au akaugua akiwa na miaka 50. Hata hivyo anaweza kumrithisha mtoto wake. Ndiyo maana wakati mwingine ugonjwa huonekana kama umeruka kizazi.

3. Mara nyingi unene huanza kuonekana wakati wa kubalehe, mwili unapokua haraka. Mtoto aliyepimwa akiwa na miaka 8 na kuonekana mzima anapaswa kupimwa tena. Kipimo kimoja hakitoshi kwa maisha yote.

HCM hauambukizwi. Hausababishwi na chakula, kazi ngumu, wala uchawi.

Dalili za kuangalia

Watu wengi wenye HCM hawana dalili yoyote. Wengine huwa na hizi:

• kuishiwa pumzi wanapopanda kilima, wanapobeba ndoo ya maji au wanapocheza
• maumivu ya kifua wakati wa kazi, au baada ya mlo mzito
• moyo kwenda mbio au kuruka mapigo
• kizunguzungu, hasa wanaposimama haraka
• kuzimia.

Dalili hizi hutokea pia katika magonjwa mengi ya kawaida, kama upungufu wa damu na pumu. Lakini zipo ishara tatu za hatari ambazo mhudumu wa afya hapaswi kuzipuuza hata mara moja:

1. Kijana amezimia akiwa anakimbia, anacheza au anafanya kazi, au mara tu baada ya hapo.
2. Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya kufikisha miaka 50, na sababu haikujulikana.
3. Kuna ndugu wa damu aliyekwisha kuambiwa kwamba ana moyo mnene au HCM.

Yeyote mwenye ishara mojawapo kati ya hizi apelekwe hospitali, hata kama leo anajisikia vizuri kabisa.

Magonjwa yanayofanana na HCM

Wagonjwa wengi huzunguka kwa miaka kabla ya kujua ukweli, kwa sababu HCM hujificha nyuma ya majina mengine.

Kifafa. Mtu anapozimia kwa sababu ya moyo, mwili unaweza kutikisika kidogo, na watu huona ni kifafa. Muulize aliyeshuhudia: Alikuwa akifanya nini kabla ya kuanguka? Alichukua muda gani kurudiwa na fahamu? Mwenye kifafa mara nyingi hubaki amechanganyikiwa au na usingizi mzito baada ya kuanguka, na huenda akauma ulimi. Aliyezimia kwa ajili ya moyo kwa kawaida huzinduka haraka na kuwatambua watu. Kama "kifafa" humpata mtoto akikimbia tu, fikiria moyo.

Pumu. Kijana asiye na sauti ya filimbi kifuani, ambaye dawa za pumu hazimsaidii au zinamfanya moyo uende mbio zaidi, apimwe moyo.

Shinikizo la damu. Katika nchi zetu, shinikizo la damu la muda mrefu ni sababu ya kawaida zaidi ya moyo kuwa mnene. Kwa hiyo pima shinikizo la damu kwanza, na ulipime zaidi ya mara moja. Moyo mnene kwa mtu ambaye shinikizo lake ni la kawaida ni jambo la kuuliza maswali.

Ugonjwa wa vali. Homa ya baridi yabisi huharibu vali za moyo kwa watoto wengi, na huleta sauti isiyo ya kawaida kifuani. HCM pia huweza kuleta sauti hiyo. Tabibu anaweza kutumia njia rahisi: amsikilize mgonjwa akiwa amechuchumaa, kisha amsikilize tena mara anaposimama. Mtu anaposimama, damu inayorudi kwenye moyo hupungua na chumba cha moyo huwa kidogo. Kwa mgonjwa wa HCM ambaye njia yake ya damu imebanwa, mbano huongezeka na sauti huwa kubwa zaidi. Katika magonjwa mengi ya vali, sauti hupungua mgonjwa anaposimama.

Moyo wa mwanamichezo. Mazoezi makali ya miaka mingi hunenepesha moyo kidogo kwa baadhi ya wanamichezo. Daktari bingwa ataangalia umbo la moyo na historia ya familia, na anaweza kumwomba mchezaji apumzike kwa miezi michache kisha apimwe upya. Unene unaotokana na mazoezi hupungua.

Vipimo

ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Waya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora mapigo kwenye karatasi. Hakiumi. Kwa wagonjwa wengi wa HCM mchoro huwa na kasoro, lakini mchoro mzuri peke yake hauondoi ugonjwa huu.

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ni mashine ya aina ile ile inayotumika kumwangalia mtoto tumboni. Hiki ndicho kipimo kikuu. Kwa mtu mzima, ukuta wenye unene wa milimita 15 au zaidi, bila sababu nyingine, huonyesha HCM. Kwa mtu ambaye ndugu yake wa karibu ana ugonjwa huu, milimita 13 zinatosha. Daktari hupima pia kama njia ya damu imebanwa, mgonjwa akiwa ametulia na akiwa amejikamua kama anayekwenda haja kubwa.

Mashine ndogo ya kuvaa. Hurekodi mapigo kwa saa 24 au 48 mgonjwa akiendelea na shughuli zake, ili kuona kama mapigo yanavurugika.

Picha ya MRI na kipimo cha vinasaba. Hivi hupatikana katika hospitali chache. MRI huonyesha kovu ndani ya misuli. Kipimo cha vinasaba hakioni kosa kwa kila mgonjwa, lakini pale kosa linapoonekana huirahisishia familia kazi, kwa sababu ndugu asiye nalo hana haja ya kuendelea kufuatiliwa.

Eko hufanyika katika hospitali kubwa nyingi za rufaa za Afrika Mashariki. Kwa matibabu makubwa ya moyo zipo taasisi maalumu, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda mjini Kampala.

Unapoandika barua ya rufaa, usiandike tu "anazimia". Andika: "Alizimia akikimbia, kaka yake alikufa ghafla akiwa na miaka 19, naomba apimwe ECG na eko." Sentensi moja kama hiyo inaweza kumfanya mgonjwa aonwe mapema badala ya kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu.

Matibabu

Hakuna dawa inayoondoa kinasaba chenye kosa. Lakini matibabu hupunguza dalili na hatari. Watu wengi wenye HCM wanaofuatiliwa vizuri huishi miaka mingi kama watu wengine, hufanya kazi, huoa na kuolewa, na kulea watoto. Mweleze mgonjwa jambo hili mapema, kabla hofu haijamlemea.

Dawa. Asiye na dalili huenda asihitaji dawa, ila afuatiliwe. Mwenye dalili kwa kawaida huanzishiwa dawa za kutuliza mapigo, kama propranolol, atenolol au metoprolol. Moyo ukienda polepole hupata muda wa kujaa damu, na mbano hupungua. Wasioweza kuzitumia, kwa mfano wenye pumu, wanaweza kupewa verapamil. Dawa hizi zisiachwe ghafla. Mwaka 2022 dawa mpya iitwayo mavacamten iliidhinishwa nchini Marekani kwa wagonjwa wenye mbano. Inafanya kazi kwenye misuli yenyewe, lakini ni ghali na mgonjwa hulazimika kupimwa eko mara kwa mara.

Dawa za kuangalia kwa makini. Baadhi ya dawa zinazotolewa kila siku katika zahanati zetu zinaweza kumdhuru mgonjwa mwenye mbano. Miongoni mwake ni nifedipine na amlodipine, captopril na enalapril, dawa za kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, na dozi kubwa za dawa za kukojoza maji kama furosemide. Zote hutanua mishipa au hupunguza maji mwilini, na mbano huongezeka. Mgonjwa amwambie kila tabibu anayemhudumia kwamba ana HCM.

Kuzuia kiharusi. Wagonjwa wengine hupata mapigo yasiyo na mpangilio katika vyumba vya juu vya moyo. Damu huganda humo na donge huweza kwenda kwenye ubongo. Hao huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin.

Upasuaji. Mbano ukibaki mkubwa licha ya dawa, daktari wa upasuaji anaweza kukata sehemu ya ukuta wa kati. Njia nyingine, iliyoanza katika miaka ya 1990, ni kupitisha mrija kwenye mshipa na kudunga kiasi kidogo cha alkoholi kwenye sehemu iliyonenepa ili isinyae.

Kifaa cha kushtua moyo. Mtu aliyewahi kunusurika baada ya moyo kusimama, au mwenye hatari kubwa, anaweza kuwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua. Mapigo yakivurugika, kifaa hutoa mshtuko wa umeme na kuyarudisha. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu ambaye ndugu zake wa karibu walikufa ghafla, aliyezimia bila sababu nyingine, au ambaye ukuta wake umefikia milimita 30. Kifaa hiki ni ghali, kwa hiyo ni muhimu daktari bingwa aamue nani anakihitaji kwa kweli.

Kuishi na HCM nyumbani

• Kunywa maji ya kutosha, hasa wakati wa jua kali. Maji yakipungua mwilini, chumba cha moyo huwa kidogo na mbano huongezeka.

• Kuhara, kutapika na homa ya malaria ni hatari zaidi kwa mgonjwa huyu. Asisubiri siku tatu. Aanze maji ya chumvi na sukari mapema na aende kituo cha afya.

• Anayetaka kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, azungumze na daktari wake kwanza. Viongozi wa dini wanaweza kumsaidia mgonjwa asione haya kuomba ruhusa ya kutofunga.

• Akisikia kizunguzungu aketi, achuchumae au alale na kuinua miguu. Asijikaze kuendelea na kazi.

• Mazoezi mepesi na ya wastani, kama kutembea, ni mazuri. Zamani wagonjwa waliambiwa wakae tu. Siku hizi madaktari huhimiza kutembea na kazi za kawaida. Mbio za mashindano, mpira wa ligi na kunyanyua vitu vizito sana viamuliwe pamoja na daktari.

• Aepuke pombe nyingi, mirungi, na vinywaji vya kuongeza nguvu.

• Wanawake wengi wenye HCM hubeba mimba na kujifungua salama. Lakini wamwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa nyingine hubadilishwa, na wajifungulie hospitali kubwa.

• Abebe kadi ndogo mfukoni: jina, neno HCM, dawa anazotumia, na namba ya simu ya ndugu.

• Maombi na dawa vinakwenda pamoja. Asiwepo mtu anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani.

Kuchora mti wa familia

Mgonjwa mmoja akigunduliwa, kazi imeanza tu. Wazazi wake, ndugu zake na watoto wake wote wapimwe ECG na eko. Watoto na vijana wanaokua warudie kila mwaka mmoja au miwili, na watu wazima kila miaka mitatu hadi mitano.

Neno "ndugu" kwetu ni pana, kwa hiyo mti wa familia husaidia. Fanya hivi:

1. Chukua karatasi kubwa. Mchore mgonjwa katikati: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume.
2. Juu yake chora baba na mama, kisha babu na bibi pande zote mbili.
3. Kando yake chora ndugu wote. Kama baba ana wake wawili, watoto wa mke mwingine wawekwe pia. Kinasaba kikiwa kimetoka kwa baba, nao wako hatarini.
4. Chini yake chora watoto.
5. Weka alama kwa kila aliyekufa ghafla, aliyekuwa akizimia, aliyeambiwa ana "kifafa", au aliyezama majini ingawa alijua kuogelea. Andika umri wake.
6. Angalia alama zimeelekea upande gani. Anza na watu wa upande huo.

Zungumza polepole. Baadhi ya alama hizo ni watoto ambao mama bado anawalilia.

Mtu akianguka mbele yako

Mtu akianguka ghafla, haitiki na hapumui kwa kawaida, moyo wake huenda umesimama. Usimpe maji wala usimpepee tu.

1. Ita msaada na utume mtu kutafuta gari.
2. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua.
3. Bonyeza kwa nguvu na haraka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila mara.
4. Ukichoka, mwingine ashike nafasi bila kukatiza. Endeleeni mpaka azinduke au mpokewe na wahudumu.
5. Kama ipo mashine ya kushtua moyo, iwasheni na mfuate maelekezo yake.

Mwaka 2012 Fabrice Muamba, mchezaji aliyezaliwa Kinshasa, alianguka uwanjani mjini London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Watu walianza kumbonyeza kifua pale pale na hawakuacha, naye yuko hai mpaka leo.

Mfano wa kujadili

Fikirieni familia hii. Baba alifariki akiwa na miaka 41. Alikuwa akilima, akakaa chini, hakuamka. Miaka sita baadaye mwanawe wa kwanza, miaka 17, alianguka kwenye mbio za shule na kufa. Ukoo ulimshuku mke wa pili wa marehemu, na akafukuzwa nyumbani pamoja na mwanawe wa miaka 12. Mtoto huyo sasa anaambiwa na mwalimu kwamba ni mvivu, kwa sababu hukataa kukimbia na husema kifua kinamuuma. Dada mkubwa ana mimba ya miezi mitatu na anajisikia mzima.

Maswali ya majadiliano

• Ni ishara zipi za hatari mnazoziona katika familia hii? Chora mti wake.

• Ni nani wanaopaswa kupimwa? Yupi apelekwe kwanza, na kwa nini?

• Mwalimu angefanya nini tofauti?

• Ni nani katika kijiji chenu anayeweza kuzungumza na ukoo huo ili mama aliyefukuzwa arudi?

• Katika misiba mliyohudhuria, je, kuna kijana aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana? Ni nani anayeweza kwenda kuwatembelea ndugu zake?

• Je, hospitali iliyo karibu nanyi ina mashine ya eko? Nauli na gharama ni kiasi gani, na kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinaweza kuchangia vipi?